Soja inahesabu joto, haihesabu siku: kutoka Uvira mpaka Walungu



Mwisho wa mwezi wa kwanza ni wakati mzuri wa kutembelea mashamba ya soja katika Kivu ya Kusini. Saizoni A inaelekea kuisha, na kila shamba linaonyesha wazi lilivyotendewa. Ukitoka Uvira asubuhi na kupanda mpaka Walungu, utaona mmea mmoja ukiishi maisha mawili.

Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inafuata uwanda wa Ruzizi: Sange, Luvungi, Kamanyola. Joto linakushika mapema. Huko Sange mama mmoja alikuwa anapiga soja kwa fimbo juu ya shitingi, na watoto wanaokota punje zinazoruka. Nikamuuliza: «Mama, hii ulipanda lini?» Akajibu: «Katikati ya mwezi wa kumi, mwalimu. Huku kwetu siku mia moja zinatosha.»

Anasema kweli. Soja inapenda joto la digrii 25 mpaka 30. Katika udongo wenye joto na unyevu inaota kwa siku tano au sita, inafunga maua upesi, inajaza maganda na kukauka. Lakini uwanda nao una adui wake. Joto likipita digrii 35 wakati wa maua, na mvua ikakatika, maua yanaanguka na maganda machanga pia. Wakati wa kujaza punje ndipo soja inapohitaji maji kuliko wakati mwingine wote. Kwa hiyo wamama wa Ruzizi wanangoja mvua ishike vizuri ndipo wapande, ili jua kali lisiikute soja katika maua bila maji.

Baada ya Kamanyola unaanza kupanda Ngomo. Gari linalia, kona zinafuatana, bonde linabaki chini kabisa. Ukifika Nyangezi unatafuta kitenge cha kujifunika. Kwa kawaida, ukipanda mita 1.000, joto linapungua karibu digrii 6. Walungu iko juu ya mita 1.600, kwa hiyo hewa yake ina upungufu wa digrii 5 hivi kuliko Uvira. Sisi tunaongeza nguo, lakini soja inachelewa.

Huko Walungu nilikuta kundi la wamama wamesimama shambani na huzuni. Walinunua mbegu uwandani kwa pesa ya likelemba, wakaambiwa siku mia moja. Walipanda karibu na tarehe 25 ya mwezi wa kumi. Siku ya 95 majani yalikuwa bado kijani na maganda membamba. «Walituuzia mbegu mbaya», wakasema. Hapo jirani, upande wa pili wa mfereji, soja iliyopandwa mwisho wa mwezi wa tisa ilikuwa imegeuka njano na kuanza kuangusha majani.

Mbegu haikuwa mbaya. Mahali penye baridi, soja ya siku 100 inaweza kuomba siku 120 au 130. Tuhesabu pamoja. Ukipanda tarehe 25 mwezi wa tisa, siku 130 zinaishia tarehe 2 mwezi wa pili, wakati mvua imepungua kidogo. Ukipanda tarehe 25 mwezi wa kumi, zinaishia tarehe 4 mwezi wa tatu, na mvua ya saizoni B imekwisha kurudi. Maganda yaliyokomaa yakinyeshewa, punje zinaoza au zinaota ndani ya ganda. Mwezi mmoja wa kuchelewa ndio unaokula mavuno.

Baridi ina madhara mengine pia. Usiku ukishuka chini ya digrii 15 wakati wa maua, maganda machache tu yanashika. Na vile vinundu vya mizizi vinavyolisha mmea kutoka hewani vinafanya kazi polepole katika udongo wa baridi na wenye asidi, kama ule wa vilima vingi vya Walungu. Ng'oa mmea mmoja, pasua kinundu: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Samadi iliyooza vizuri inausaidia sana udongo huo.

Kwa hiyo, wamama wa milimani, tufanye hivi. Tuulize mbegu inayokomaa mapema, na tuulize ilikomaa kwa siku ngapi kwenye kilima, si uwandani. Tupande mara mvua ya mwezi wa tisa inaposhika, sentimita 3 tu ndani ya udongo. Kabla ya hapo tujaribu mbegu 20 katika kitambaa chenye maji: zikiota 16 au zaidi, tupande. Soja inapoteza uhai upesi ikihifadhiwa mahali pa joto na unyevu. Hapa baridi yetu inatusaidia, kama mbegu imekauka vizuri.

Tunajua kwa nini tunajisumbua hivi. Bwaki imezika watoto wengi katika vilima vyetu, nasi tuna mmea ambao zaidi ya theluthi moja ya punje yake ni protini. Unga wa soja iliyokaangwa vizuri, ukichanganywa na unga wa mahindi au mtama, unampa mtoto uji wenye nguvu. Soja mbichi usimpe, inasumbua tumbo.

Kila kundi liandike katika daftari tarehe ya kupanda, ya maua na ya kuvuna. Baada ya saizoni mbili mtajua siku za kilima chenu wenyewe, na hakuna muuzaji atakayewahesabia.