Kuchungulia na Kuuliza

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda. Mwalimu wetu alipotuambia tulinganishe kitabu na filamu yake, nilichagua kitabu cha tano cha Harry Potter, kilichotoka mwaka 2003, na filamu yake ya mwaka 2007. Nilitaka kuandika kuhusu jinsi Harry anavyopata kuijua siri ya baba yake.

Harry ni yatima. Tangu utotoni mwake shuleni watu humsifia baba yake, James, kuwa alikuwa mtu mwema. Katika kitabu, Mwalimu Snape anamfundisha Harry kuilinda akili yake dhidi ya adui yake, Voldemort. Kabla ya somo, Snape hutoa baadhi ya kumbukumbu zake na kuziweka katika beseni la mawe. Siku moja anaitwa nje ghafla. Harry anabaki peke yake, anachungulia, na anamwona baba yake akiwa na miaka 15, akimdhalilisha Snape mbele ya wanafunzi wenzao. Snape anarudi, anamkuta hapo na kumfukuza. Masomo yanaishia hapo.

Katika filamu, Harry hachungulii. Anatumia uchawi wa kujikinga wakati wa somo, na bila kukusudia anajikuta ndani ya kumbukumbu za Snape. Wenzangu walisema filamu imefanya vizuri kufupisha. Mimi nilibisha, lakini sikuwaambia sababu yangu.

Nyumbani kwetu, karibu na Masaka, babu hakupenda nisome Kiswahili. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili ni lugha ya askari. Nikisoma kwa sauti, alitoka nje. Likizo moja, alipokwenda kanisani, nilifungua sanduku lake la bati. Nilikuta picha yake ya ujana. Amevaa sare ya jeshi la wakati wa Amin, ameshika bunduki, anacheka. Mbele yake mtu mzima ameketi chini bila shati, mikono imefungwa. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa babu, kulikuwa na maneno ya Kiswahili: "Kazini, 1976."

Niliirudisha. Kwa miezi miwili, kila nilipompigia magoti kumsalimu, niliitazama miguu yake tu.

Kilichonisaidia ni kitabu. Baada ya kuchungulia, Harry hatulii. Anawatafuta marafiki wa baba yake, Sirius na Lupin, akawauliza. Wanamwambia kuwa James alikuwa na miaka 15 tu. Harry anawajibu kuwa hata yeye ana miaka 15. Filamu haina mazungumzo hayo. Kwa kuwa Harry wa filamu hakufanya kosa, hana la kuungama, wala hamtafuti mtu wa kumuuliza.

Basi nikaenda kwa babu, nikapiga magoti, nikamwambia nilifungua sanduku lake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza, alizungumza nami kwa Kiswahili.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mjukuu wangu."

"Hata mimi nina ishirini na mmoja, babu."

"Najua. Ndiyo maana sikutaka ujifunze lugha hii. Niliogopa utasoma."

Nilimuuliza kuhusu yule mtu aliyefungwa. Alinitajia jina lake na kijiji chake, akalia. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu aliyekosewa si mimi. Lakini sasa namtazama usoni ninapomsalimu, na jioni ananiuliza maswali, nami namuuliza yangu, kwa Kiswahili.

Katika karatasi yangu niliandika kuwa kitabu kinaishinda filamu hapo. Mwalimu aliandika pembeni: "Toa sababu zaidi." Hii ndiyo sababu.