Uchaguzi wa Kompyuta Mpakato

Kununua kompyuta ya kazi za kila siku ni jambo jepesi kwa mwenye mali, na zito kwa mwenye mshahara. Tajiri akikosea hununua nyingine. Mwalimu akikosea hukaa na kosa lake miaka minne au mitano, nalo humwamkia kila asubuhi afunuapo kifuniko. Kwa hiyo uchaguzi huu wastahili fikira zaidi ya ile robo saa ambayo aghalabu hupewa dukani, mnunuzi akavutiwa na rangi, akauliza bei, akatoa fedha.

Wengi huiita kompyuta ya mkononi. Waandishi hupenda kuiita mpakato, kwa kuwa mtu huipakata kama apakatavyo mtoto. Jina ni zuri, ila mashine za kwanza za jamii hii hazikustahili jina hilo. Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981 kwa bei ya dola 1,795, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi 5, wala haikuwa na betri ndani yake. Aliyeipakata alijitafutia maumivu ya miguu. Mwaka 1985 Toshiba walitoa T1100 yenye kilo 4 hivi na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Kompyuta dhaifu iuzwayo leo ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, yaani mara 16,384 ya ile, na bado hutweta kama mzee apandaye mlima. Mashine zimeongezwa nguvu, lakini programu nazo zimenenepa, na unene wao hulipwa na mnunuzi.

Basi kazi za kila siku ni zipi? Ni kuandika, kusoma, kupanga alama za wanafunzi, kutazama picha, kuhudhuria mkutano wa mbali kwa njia ya intaneti. Hakuna hata moja kati ya hizo iombayo mashine ya mhandisi au ya mchezaji wa michezo ya vita. Zaomba kumbukumbu ya kutosha, ambayo leo ni gigabaiti 8 kwa uchache na 16 kwa raha. Hifadhi isiyozunguka, maana diski ya zamani iliyozunguka mara 5,400 kwa dakika humchelewesha mtu kuliko kasoro nyingine yoyote. Kioo kisichochosha macho. Na kibodi ipokeayo vidole kwa hisani. Rangi ya kifuniko haimo.

Mtego mkubwa umo katika kibandiko kidogo kilichobandikwa karibu na kibodi. Mnunuzi amesikia kuwa i7 ni bora kuliko i5, na i5 ni bora kuliko i3, akaridhika. Lakini kipimo hicho hufaa kwa mashine za rika moja tu. Nambari ifuatayo ndiyo itajayo kizazi cha prosesa: i7-3520M ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, nayo ina viini viwili, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, nayo ina vinne. Mwenye i7 ya zamani hujivunia cheo cha marehemu. Tena kuna mpaka mwingine. Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Mashine iliyo chini ya mpaka huo haifi siku hiyo. Yaweza kuendeshwa kwa Linux miaka mingi, na mwenye subira atafaidi. Ila auzaye mashine hiyo kwa bei ya iliyo juu ya mpaka, bila kusema neno, hamtendei mwenzake haki.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, wa shule ya sekondari katika Mkoa wa Pwani, alipata zamu yake ya upatu. Fedha hiyo ilikuwa imekwisha kuahidiwa bati za jiko. Lakini binti yake alikuwa akiingia chuo kikuu, na mama mwenyewe alichoka kupanga foleni kwa mpiga chapa kila wakati wa mitihani. Bati zikaahirishwa. Wakaenda Kariakoo, wawili, na fedha ya mashine moja.

Katika duka waliloingia walioneshwa mbili za bei karibu sawa. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, ingali katika karatasi yake, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 64 iliyounganishwa na ubao wake. Ya pili ilikuwa imetumika katika ofisi za Ulaya, nene kidogo, yenye mikwaruzo pembeni, prosesa ya kizazi cha nane, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na hifadhi ya 256.

"Shikamoo mama," alisema kijana wa duka. "Mpya ni mpya. Hii nyingine ni mtumba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mpya yaweza kuongezwa kumbukumbu?"

"Hapana, mama. Hiyo imekuja hivyo hivyo."

Binti alimvuta mama yake kando. "Mama, wenzangu watanicheka na hiyo yenye mikwaruzo."

Neno hilo halikuwa dogo, na mwalimu hakulidharau. Kijana aingiaye mahali pageni hupimwa kwa viatu vyake kabla ya kupimwa kwa akili yake, na mama huyo alikuwa ameyaona hayo darasani miaka mingi. Lakini gigabaiti 4 na 64 ndizo kiasi cha chini kabisa ambacho Windows 11 hukubali. Mashine ianzayo safari ikiwa ukingoni haina pa kurudi nyuma. Mwaka wa kwanza ungalipita kwa uvumilivu, wa pili kwa machozi, na shahada huchukua mitatu au zaidi.

"Watacheka wiki moja," akasema mama. "Hiyo nyingine itakuliza hata umalize."

Hapo ndipo ukaguzi ulipoanza, na mtumba haununuliwi pasipo ukaguzi. Mwalimu aliomba mashine izimwe na kuwashwa tena mbele yake, kusudi ajue kama haikufungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka. Alifungua na kufunga bawaba, akajaribu kila tundu, akaandika sentensi ndefu. Kisha akaomba taarifa ya betri, ambayo Windows huitoa kwa amri moja. Betri iliundwa kubeba wati-saa 50. Sasa ilibeba 31. Hesabu yake si ngumu: mashine ikila wati 10, saa tano zimekuwa tatu, na mahali ambapo umeme hukatika jioni, saa mbili zilizopotea ni usiku mzima wa kazi. Bei ikashushwa kwa sababu hiyo, na punguzo likatosha kulipia sehemu kubwa ya betri nyingine.

Katika ile sentensi ndefu palitokea kioja. Kibodi ilikuwa ya Ujerumani, ambako Y na Z zimebadilishana mahali. Kwa Mwingereza hilo ni usumbufu mdogo zaidi, maana Z haimtembelei sana. Kwa mwandishi wa Kiswahili ni fitina ya kila mstari. Aliyekusudia kuandika "kalamu ya mwalimu" huandika "kalamu za mwalimu", umoja ukageuka wingi, na msomaji akadhani mwandishi hakusoma sarufi. Kibodi ya Kifaransa, ibadilishayo A na Q, ingalikuwa balaa kubwa zaidi katika lugha hii ambayo hainaye Q na haiendi hatua mbili bila A. Mpangilio wa herufi hubadilishwa ndani ya mashine kwa dakika moja. Alama zilizochapwa juu ya vitufe hubaki zikisema uongo.

Walilipa, wakapewa risiti iliyoandikwa nambari ya mashine na muda wa dhamana, wakaomba chaja yenye plagi ya miguu mitatu. Betri mpya ilipatikana juma la pili. Binti alibandika vibandiko juu ya vile vitufe viwili, na kabla ya kuondoka kwenda chuoni alimpigia mama yake chapa mtihani wa kidato cha pili.