Weka na ya Kutolea



Wahenga wa pwani walituachia usemi usemao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeuzoea mno usemi huu hata hatuusikii tena. Tunautamka tunapoandaliwa chakula kizuri ugenini, tukidhani kwamba ulitungwa ili kumfurahisha mgeni. La hasha! Usemi huu unamtazama mwenyeji. Unamwuliza mgeni swali zito: je, kuja kwako kumemponya nani? Juma hili nawaalika tuupeleke usemi huu mahali ambapo hatukuzoea kuupeleka, yaani ndani ya pochi ya msafiri.

Nimerudi majuzi kutoka kisiwani Unguja, nilikokuwa kwa siku kumi pamoja na wazee wawili wa parokia yetu. Tulilala siku mbili mjini, siku zilizosalia tukakaa Jambiani, upande wa mashariki, ambako bahari ikitoka hutoka mbali sana, na akina mama huingia majini kushughulikia mashamba yao ya mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989 na mpaka leo mikono inayokifanya ni ya wanawake kwa sehemu kubwa. Nilikwenda kupumzika, lakini kichwa cha mchungaji hakipumziki kwa amri, na jambo lililonishughulisha zaidi ya mengine yote lilikuwa hili la fedha.

Tazameni kwanza lugha yetu yenyewe. Karibu kila neno tunalotumia kwa ajili ya fedha lilikuja na wageni. Fedha ni jina la Kiarabu la madini yale meupe. Pesa ilitoka India. Hela ilikuja na Wajerumani huku bara, na shilingi ikaja na Waingereza. Zanzibar ilitumia reale za Maria Theresa, kisha rupia, na tarehe 1 Januari 1936 ikaingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, hadi shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966. Kwa hiyo, katika visiwa hivi, fedha tangu zamani ni jambo linalopita kati ya mgeni na mwenyeji. Aliyeshuka jahazini na sarafu isiyojulikana ilimbidi kwanza aigeuze kuwa kitu ambacho mwenyeji angeweza kukipokea. Nadhani wajibu huo haujafutwa.

Msafiri wa leo hufikiri kwamba akiwa na kadi ya benki na simu amemaliza kazi. Lakini hebu tufanye hesabu kidogo. Noti yetu kubwa kabisa ni ya shilingi 10,000. Mwaka 2025 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,400, maana yake noti hiyo kubwa haikufikia hata dola tano. Mashine nyingi za kutolea fedha hutoa hadi shilingi 400,000 kwa mara moja. Mgeni anaondoka pale na noti 40, zote za elfu kumi kumi. Mfuko umevimba, lakini hana pesa ya kununulia dafu! Anamwendea mama aliyeketi chini ya mwembe na madafu yake, anamnyoshea noti mpya, na mama hana chenji. Sasa nani ataondoka kuitafuta? Ni yule mama. Ataacha biashara yake juani na kuzunguka nyumba tatu. Asipoipata atasema, “Chukua tu baba, utaniletea.” Mgeni huyo kesho yuko Nungwi, na keshokutwa yuko angani.

Mwaniona nakuza jambo dogo? Naomba mnivumilie, niwasimulie yaliyotupata usiku wa nne.

Mmoja wa wazee wetu alishikwa na homa kali, akatapika hata asiweze kusimama. Mjini ni mbali, zaidi ya kilomita 50. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na baadaye mtandao wa simu nao ukapotea. Mwenye nyumba alimwamsha kijana wa jirani aliye na gari. Kijana akaja upesi, akatazama mafuta, akasema hayafiki. Yuko mtu pale kijijini auzaye petroli kwa madumu, lakini usiku ule, bila mtandao, malipo ya simu hayakuwa na maana kwake, na chenji ya noti kubwa hakuwa nayo. Mimi nina desturi ya kusafiri na bahasha ya dharura, yenye noti za elfu mbili na elfu tano, jumla shilingi 60,000, nisiyoigusa kwa jambo jingine lolote. Bahasha ile ndiyo iliyotupatia mafuta, na ndiyo iliyolipia dawa za kwanza hospitalini. Lakini haikutosha kwa ujira wa dereva.

Nilimweleza hivyo kabla hatujaondoka. Akanijibu, “Panda, Padri. Ya mgonjwa kwanza, ya pesa baadaye.”

Mzee alitundikiwa dripu, na alfajiri homa ikaanza kushuka. Dereva hakuondoka, alilala ndani ya gari nje ya lango. Mtandao uliporudi, yapata saa tatu asubuhi, nikamwomba namba yake. Akatabasamu, akaniambia neno ambalo sijalisahau: “Mgeni akiniambia ‘nitakutumia’, mimi huihesabu pesa ile kuwa imeshapanda boti.” Akanisimulia habari ya msafiri mmoja aliyempeleka uwanja wa ndege. Kadi ya mtu yule ilikataa, muda ukawa umekwisha, akaapa kwamba angetuma. Miaka miwili imepita. Dereva hakumwita mwizi. Alisema tu, “Labda alisahau. Lakini mimi mafuta nilikuwa nimeshayanunua.”

Nikamtumia nauli tuliyopatana, nikaongeza na ya kutolea, nikasubiri mpaka simu yake ilipolia. Aliusoma ujumbe mara mbili. “Umeweka na ya kutolea,” akasema. “Mungu akulipe, Padri.”

Ndugu zangu, maneno haya sisi Watanzania huyatamka kwa utani kila siku. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, tumejua kwamba aliyetumiwa shilingi 10,000 katika namba yake hawezi kuzishika zote 10,000 mkononi, kwa sababu kwa wakala kuna makato. Ndiyo maana tunaombana: weka na ya kutolea. Lakini ndani ya utani huo mna fundisho kubwa kuhusu haki. Malipo hayajakamilika fedha inapotoka kwangu. Yanakamilika inapofika kwa mwenzangu, nzima, kwa wakati, na katika umbo analoweza kulitumia. Mwenye hoteli kubwa ana mashine ya kadi na mhasibu wa kuyafuatilia malipo. Mwenye gari la kukodi, mvuvi, msusi wa ukili na mama wa madafu hawana hayo. Kila usumbufu wa malipo ambao mgeni hakujiandaa kuubeba humshukia mtu wa chini kabisa katika mnyororo. Torati ilikwisha kuagiza kwamba kibarua maskini apewe ujira wake kabla jua halijazama, na nadhani sababu ni hii hii: yeye hana akiba ya kumngojea tajiri.

Tena wenyeji wa Unguja wanajua vizuri kwamba njia za kisasa hukatika. Umeme wao hutoka bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari. Njia hiyo ilipoharibika mnamo Desemba 2009, kisiwa kilikosa umeme huo hadi Machi 2010, yapata miezi mitatu! Waya mwingine wenye uwezo mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, na hali si ile ya zamani. Hata hivyo, kisiwa ni kisiwa. Mashine za fedha zilizo nyingi ziko mjini. Siku hizi zipo pia Paje na Nungwi, lakini mashine iliyopo si lazima iwe mashine yenye fedha, hasa mwisho wa juma.

Basi, kwa wale wanaojiandaa kwa safari, hasa vijana wetu wanaokwenda fungate na wale wanaotembelewa na marafiki kutoka ng'ambo, naomba niseme mambo manne.

Kwanza, mgeni atokaye nje ya nchi ajue malipo ya lazima mapema. Tangu Oktoba 2024 anapaswa kuwa na bima ya Zanzibar ya dola 44. Akichukua dola taslimu, zisiwe noti kuukuu wala zilizochanika, kwani zilizochapishwa kabla ya 2006 wengi huzikataa. Azibadilishe benki au katika duka lenye leseni, si kwa mtu wa njiani. Wala asione aibu kuuliza bei kwa shilingi: kanuni zilizotangazwa na Serikali ya Tanzania mwezi Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kuuzwa kwa fedha za kigeni.

Pili, vunjeni noti kubwa mahali pakubwa. Lipeni noti ya elfu kumi hotelini, katika duka la jumla au kwenye kituo cha mafuta, na chenji mtakayopewa itunzeni kwa ajili ya gari la shamba, dafu na soko. Anayeweza kuubeba mzigo wa chenji ndiye abebeshwe.

Tatu, pataneni bei kabla ya kupanda gari au ngalawa, na mkishapatana msirudi nyuma. Kupunguziwa ni desturi ya soko na hakuna ubaya. Lakini kumkazania mvuvi kwa shilingi elfu moja, kisha kuacha chai nusu kikombe kwenye hoteli inayouza chai hiyo kwa elfu kumi, huko si ubahili tu, ni kukosa macho.

Nne, gaweni fedha sehemu tatu: ya matumizi ya siku, ya kurudi nyumbani, na ya dharura, kila moja mahali pake, na ile ya dharura iwe taslimu na katika noti ndogo. Kisha usiku wa mwisho, kabla hamjafunga mizigo, ketini mjiulize: kuna mtu yeyote kisiwani hapa aliyenipa kitu kwa neno langu tu? Kama yupo, msilale kabla hamjamlipa. Boti la asubuhi halingoji dhamiri ikumbuke.

Mzee wetu amepona, na Jumapili iliyopita alikuwa katika kiti chake cha kawaida, safu ya pili. Watu wamempongeza kwa kupona, naye huwajibu kwamba ameponywa na petroli ya dumu. Watu hucheka. Mimi humwaza mwuza dumu, ambaye nyumba yake haionekani katika picha yoyote ya utalii, aliyefungua mlango wake saa saba za usiku na kupewa noti ndogo ndogo ambazo angeweza kuzitumia asubuhi yake. Usiku ule mwenyeji aliwaponya wageni. Kilichobaki kwetu ni kuhakikisha kwamba naye anapona kwa ujio wetu, na uponyaji huo mara nyingi hauhitaji sadaka wala ukarimu mkubwa. Unahitaji tu kwamba tulipe tunachodaiwa, kwa wakati, na kuweka na ya kutolea.

Nawatakia juma jema na safari njema.