Ufunguo wa Riwaya Yangu

Mwandishi asiye na chumba chake ana shida moja: kila anachoandika hupata msomaji kabla hakijaiva. Kwetu Mbagala tuko watu watano katika vyumba viwili, na laptopu moja kuukuu niliyoinunua Kariakoo, mkono wa pili kama si wa tatu. Mchana dada yangu huitumia kuandika hesabu za biashara yake ya vitenge. Usiku ni yangu, na ndipo ninapoandika riwaya. Tabu ni kwamba riwaya yenyewe ilikuwa inamhusu yeye.

Ndugu msomaji, usinicheke. Najua ningeweza kuweka neno la siri kama watu wengine. Lakini ukifunga kitu kwa kufuli katika nyumba ya vyumba viwili, umeshatangaza kwamba unaficha. Mimi nilitaka faili libaki pale pale, alifungue, aone takataka, adhani limeharibika.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018 na matokeo hayakunipeleka popote. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa ukaidi tu, na lugha niliyoishika kidogo ni Python. Basi nikakumbuka kinyume, ile lugha ya utotoni ya kugeuza silabi ili wakubwa wasituelewe: kitabu kinakuwa bukita. (Na dada anabaki dada vile vile. Hapo ningejua.)

Kwenye herufi, mzee wa mchezo huu ni Julius Caesar. Yeye aliisogeza kila herufi hatua tatu, a ikawa d, b ikawa e, mpaka mwisho. Lakini njia hiyo ina funguo 25 tu, mtu mwenye subira anazijaribu zote kabla chai haijapoa. Mimi nikaamua kuzichanganya herufi zote 26 kama karata, kila moja ipewe ya kuiwakilisha bila mpango. Funguo za namna hiyo ni nyingi ajabu: andika 4, kisha sifuri 26. Nikajiona nimemaliza kazi.

Programu haikufika hata mistari thelathini. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua lile dirisha jeusi la maandishi meupe, unaandika jina la programu, niliiita ficha, unaongeza jina la faili, unabonyeza Enter. Inachanganya herufi, inakuonyesha ufunguo kwenye kioo, halafu inaandika mafumbo juu ya faili lile lile. Umeliona kosa? Mimi sikuliona.

Usiku huo niliingiza sura tatu, kazi ya miezi saba. Ufunguo ukatokea kwenye kioo. Nikainuka kutafuta kalamu niunakili. Umeme ukakatika, na betri ya ile laptopu ilikwisha kufa siku nyingi.

Ulipowaka, riwaya ilikuwa takataka kama nilivyotaka. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikaanza kusoma habari za watu waliovunja mafumbo ya wenzao. Karne ya tisa, kule Baghdad, alikuwepo msomi aitwaye al-Kindi aliyeeleza kwamba huna haja ya kujaribu funguo zote: hesabu herufi. Kila lugha ina herufi inazozipenda, na ukizivalisha nguo nyingine hazibadili mwendo. Mary, malkia wa Scotland, alikatwa kichwa mwaka 1587 baada ya barua zake za mafumbo kufumbuliwa na watu wa Elizabeth. Mimi kichwa changu kilikuwa salama, lakini miezi saba bwana!

Nikaandika programu ya pili, ya kuhesabu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili ni lugha isiyojua kutunza siri. Herufi moja iliziacha nyingine zote mbali: hiyo ni a, nani mwingine? Iliyofuata nikaichukua kuwa i. Nafasi kati ya maneno sikuzigusa, kwa hiyo karibu kila neno lilinionyesha mkia wake, na mkia wa neno la Kiswahili ni irabu. Ipo herufi iliyokuwa haitembei bila mwenzake yule yule nyuma yake: hiyo ni c, na mwenzake ni h. Ritifaa nayo sikuificha, na ritifaa hutanguliwa na nani kama si n na g? Ng'ombe, ng'ambo, wote wakajitaja.

Kisha nikaona neno la herufi nane lililorudi mara nyingi. Ya pili h, ya tatu i, ya tano a, na mbili za mwisho zinafanana. Shikamoo! Nikapiga meza. Kwa neno moja nimepata s, k, m na o.

Baada ya shikamoo palikuwa na neno la herufi nne, herufi ile ile na a, kisha ile ile na a. Si kaka wala mama, maana k na m nilikwisha kuzijua. Nikasema kwa sauti, kama mwehu, "Baba au dada?"

"Baba," ikajibu sauti nyuma yangu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Sikugeuka. Nikaendelea kama fundi asiyetaka kusumbuliwa. Nikasema natafuta marahaba, maana penye shikamoo haikosekani, nikiipata nitapata na r. Nilikuwa nimezama katika kuhesabu hata nikasahau kwamba maneno yale niliyaandika mimi. Nikatafuta ukurasa mzima. Haipo.

"Usiitafute," dada akasema. "Hakuitikia."

Mwaka 2014 dada alikuwa kidato cha tatu alipopata mimba. Shule ilimfukuza, kama zilivyofanya shule nyingi. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi, mwanawe alikuwa na miaka sita. Na baba, tangu siku ile ya barua ya shule, alikuwa akipita mbele ya shikamoo yake kama anayepita mbele ya ukuta. Miaka miwili. Hiyo ndiyo riwaya.

Akavuta kigoda, akakaa. Herufi zilizobaki alizitaja yeye, upesi kuliko programu yangu, maana mimi nilikuwa nahesabu na yeye alikuwa anakumbuka. Kabla ya alfajiri sura zote tatu zilikuwa zinasomeka. Akaniomba nimpishe. Nikaenda kukaa nje kwenye ndoo iliyofunikwa, nikisikia kibodi ikibonyezwa mara moja moja, ukurasa baada ya ukurasa.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti kavu.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu. Ila umekosea."

"Wapi, dada?"

"Aliitikia. Mara moja. Usiku wa uchungu ni yeye aliyekwenda kutafuta bajaji, akakaa nami nyuma. Kulipokucha nikamwamkia, mazoea tu. Akaitikia. Wewe ulikuwa bwenini."

Sikuwa na la kusema. Miezi saba nimemwandika baba asiyefungua mdomo.

Programu nimeirekebisha, sasa inaandika kwenye faili jipya na la zamani hailigusi. Siitumii. Sura ya tatu naiandika upya, wazi, kwenye laptopu ile ile, na mchana dada akimaliza hesabu za vitenge hufungua aone nimefika wapi. Jana aliniachia ujumbe chini ya aya ya mwisho: ukifika ile asubuhi ya bajaji, niite kwanza.