Kabla ya Kuuliza Bei ya Paneli, Tuhesabu Maji

Jamani, kwenye kikundi chetu cha bustani hapa Nakivale kila mtu ana jibu lake. Mmoja anataka paneli ya wati 100 kwa sababu pampu tuliyoichagua imeandikwa wati 100. Mwingine anataka ya 300, "tusije tukajuta." Pesa ni akiba yetu sote. Tukikosea, tunarudi kubeba majerikani kutoka ziwani, na wadada ndio wanaobeba mengi. Mimi nasema tuanze na maji.

Bustani ni mita 50 kwa 20, nyanya na lengalenga. Kiangazi, mita moja ya mraba inakunywa kama lita 5 kwa siku, kwa hiyo tunahitaji lita 5,000. Halafu urefu wa kupandisha: tulipima kwa fimbo na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kidogo kidogo, kutoka ziwani hadi mdomo wa tangi. Mita 12. Bomba nalo linakula nguvu, tuongeze 3. Jumla 15.

Zidisha lita kwa mita: 75,000. Gawa kwa 367, unapata kama wati-saa 204. Tukihesabu masaa 5 ya jua kali, ni wati 41 za kuinua maji tu. Lakini pampu ndogo nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya umeme. Tukichukua asilimia 40, pampu inataka wati 100 hivi. Na paneli ikipata joto na vumbi haitoi yote iliyoandikwa nyuma yake. Tukihesabu robo tatu, tunahitaji 133, kwa hiyo tuchukue ya 150. Ya 100 itafanya pampu isuesue, na wingu likipita inasimama.

Kama pesa haifiki, kuna njia: tangi tulishushe mita 5, karibu na bustani. Hapo ya 100 inatosha, ila maji kwenye mpira yatatoka taratibu. Na tuangalie volti: za paneli zikubaliane na za pampu.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjaleta paneli za saizi moja kwa vikundi vyote, tuulizeni kwanza lita na mita.

Nyie wa kambi zingine, maji yenu mnayapandisha mita ngapi? Andikeni hapa chini, tuhesabu pamoja.