Dirhamu 12,000 Dubai: Mwisho wa Mwezi Mnabaki na Ngapi?

Ukitaka kumwona Mbongo akipiga hesabu haraka kuliko mashine ya benki, mwambie umepata kazi Dubai. Kabla hujamaliza sentensi ameshazidisha mshahara wako kwa bei ya dirhamu ya siku hiyo, amekujengea nyumba Goba na gari amekununulia. Anasahau kitu kimoja tu: utakuwa unalala, unakula na kupanda basi hukohuko Dubai.

Mimi nilikaa huko siku kumi kwa shoga yangu niliyesoma naye chuo. Mumewe ni mhandisi wa mitandao. Hapa Dar mshahara wake ulikuwa shilingi 3,500,000 kwa mwezi. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mapato, mkononi zilikuwa zinafika kama 2,377,000. Shoga yangu alikuwa mhasibu, naye ana mshahara wake. Wana mtoto mmoja wa miaka mitatu. Kisha ikaja ofa ya dirhamu 12,000 kwa mwezi, na Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, kwa hiyo hapo unazungumzia karibu dola 3,270. Nani angekataa?

Twende kwanza mjini. Dubai ya kwenye kalenda ni ile ya Burj Khalifa, lakini Dubai ya Waswahili iko Deira. Pita Naif jioni, utasikia Kiswahili cha Kariakoo kikijadili bei za nguo na kontena la kesho. Ukibahatika utakutana na mzee aliyevaa kanzu nyeupe, ukamsalimia kwa Kiarabu cha kubabaisha, naye akakujibu kwa Kiswahili safi cha Unguja. Wapo wengi ambao familia zao zilihamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukitaka kuvuka Khor kwenda Bur Dubai, panda abra, ile mashua ya mbao, kwa dirhamu 1. Kwa kweli ni starehe ya bei poa kuliko zote mjini, na kwa wapendanao wakati wa machweo, mmh, mtaniambia wenyewe.

Starehe ya nyumba ndiyo ghali. Kule kodi ya nyumba inatajwa kwa mwaka na wengi wanalipa kwa hundi za tarehe za mbele. Wenyeji wangu walipata chumba kimoja na sebule Al Nahda kwa dirhamu 60,000 kwa mwaka, hundi nne. Siku ya kuchukua funguo walitoa hundi ya kwanza 15,000, amana ya mwenye nyumba asilimia 5 ambayo ni 3,000, dalali naye asilimia 5 pamoja na VAT, 3,150, halafu amana ya umeme na maji 2,000. Jumla 23,150. Karibu mishahara miwili, na hapo godoro hawajanunua! "Shem, zile akiba zetu za miaka minne za Dar ziliishia mlangoni," mwenye nyumba wangu aliniambia, anacheka lakini macho hayacheki.

Usiku mmoja, mtoto ameshalala na kiyoyozi kinanguruma, shoga yangu alitoa daftari. Mhasibu ni mhasibu tu. Kwa mwezi: nyumba 5,000. Ada ya manispaa, ambayo ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka na inakuja kidogokidogo kwenye bili ya umeme, 250. Umeme, maji, simu na intaneti 900, na Julai na Agosti zinapanda, maana joto linapita nyuzi 40 na kiyoyozi hakizimwi. Pasi ya metro ya baba 350. Chakula na mahitaji ya ndani 1,800. Nyumbani, kwa wazazi wa pande zote mbili, 1,500. Jumla 9,800. Zinabaki 2,200, sawa na kama dola 600. Humo ndani mna tiketi za likizo, nguo, mtoto akiugua, na siku moja moja ya kutoka.

Unaweza kusema wahamie Sharjah, kodi ni nafuu. Kweli, wengi wanafanya hivyo. Lakini metro haifiki Sharjah, na foleni ya barabara ya Al Ittihad asubuhi itakufanya uikumbuke Ubungo kwa mapenzi. Unachookoa kwenye nyumba unakilipa kwa mafuta, kwa usingizi, na kwa kumwona mtoto akiwa amelala tu.

Sasa linakuja suala ambalo wazidishaji hawaligusi. Dar walikuwa na mishahara miwili, Dubai wana mmoja. Dar kulikuwa na dada wa kazi, na bibi yuko Tabata. Dubai shoga yangu ndiye dada, ndiye bibi, ndiye kila kitu. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Kinachoniuma siyo kuosha vyombo. Kinachoniuma ni kuomba hela ya saluni." Mumewe hamnyimi, tena ni mtu mwema. Lakini mwanamke aliyezoea kupokea meseji ya benki kila tarehe 25 hawezi kuzoea kunyoosha mkono. Yalishawapeleka kwenye ugomvi mara mbili, wote wawili waliniambia, kila mtu kwa wakati wake.

Kuna na uzeeni. Kule mgeni hana NSSF. Sheria inampa kiinua mgongo: akimaliza mwaka, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30. Angalia hilo neno "msingi". Katika zile 12,000, mshahara wa msingi wa baba ni 6,000, nyingine ni posho ya nyumba na usafiri. Kwa hiyo kiinua mgongo chake ni 4,200 kwa mwaka. Ukisaini mkataba bila kusoma mstari huo, usije ukalia baadaye.

Kwa wewe na mwenzio mnaofikiria safari, mambo matatu. Usibadilishe mshahara kuwa shilingi, badilisha kile kinachobaki baada ya mwezi kuisha. Vyeti vya shule na cha ndoa vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Falme za Kiarabu kabla hamjapanda ndege, maana bila cheti cha ndoa huwezi kumdhamini mwenzi wako. Na ongeeni mapema nani ataacha kazi, na mwezi ukiisha yeye atakuwa na hela yake kiasi gani, isiyoulizwa.

Wenyeji wangu wamekubaliana hivi. Kila mwezi, kabla ya kitu kingine, dirhamu 600 zinaingia akaunti ya mama. Nyingine 1,000 zinakwenda akiba Dar, na ile 600 ya mwisho ndiyo ya dharura. Anatafuta kazi ya uhasibu kwa mwaka mmoja. Akipata inayozidi ada ya chekechea, wanabaki. Asipopata, wanarudi wote, na baba ameshakubali kwa mdomo wake kwamba hatabaki peke yake kukimbizana na dirhamu.

Nilimuuliza kama haogopi watu watasema kashindwa. Akavuta daftari, akanionyesha ile 2,200. "Shem, hao watu hawalipi hundi yangu."