Mhadhiri Naye Anahitaji Kusaidiwa

“Mnanisikia?” Hilo ndilo swali la kwanza la kila kipindi cha mtandaoni. La pili ni “Slaidi mnaziona?” Halafu kimya. Watu zaidi ya mia wamo ndani, kila mmoja anamsubiri mwenzake ajibu. Mwishowe mmoja anaandika “ndiyo” kwenye chati, na kipindi kinaanza.

Sisi huwa tunacheka. Tunapiga picha ya skrini, tunairusha kwenye grupu la WhatsApp, tunaendelea na maisha. Lakini mimi ni CR, na kwa kazi hiyo nimekaa mara nyingi upande ule mwingine, ofisini kwa mhadhiri, nikimsaidia kuwasha mitambo. Ukikaa pale unagundua kwamba swali lile si la mtandao tu. Mtu anauliza kama kuna watu.

Tukumbuke tulikotoka. Machi 2020 vyuo nchini vilifungwa kwa sababu ya Korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Miezi ile iliwaonyesha wengi kwamba kuwa na mfumo wa kupandishia notsi si sawa na kuwa na darasa. Kufundisha kwa masafa si jambo geni kwetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Moodle nayo, ambayo vyuo vingi vinaitumia, ipo tangu 2002. Jambo geni ni kumchukua mwalimu aliyezeeka mbele ya ubao, ukampa linki, ukamwambia endelea.

Kwetu ilikuja kwa sababu ya kawaida kabisa: kumbi hazitoshi. Kozi ya takwimu ikahamishiwa mtandaoni, saa mbili kila wiki, jioni. Dokta anayeifundisha ni mwalimu hasa. Ukumbini alikuwa akiandika fomula, anageuka, anatazama nyuso zetu. Akiona macho yameganda, anarudia kwa mfano wa bei ya nyanya sokoni. Hakuwa na haja ya kuuliza kama tumeelewa, alikuwa anatusoma. Sasa akawa anatazama visanduku vyeusi vyenye herufi za majina.

Chuo kiliwapa wahadhiri mafunzo, mchana mmoja. Walionyeshwa pa kubonyeza ili kushea skrini na namna ya kurekodi. Kuhusu jinsi ya kumfundisha mtu usiyemwona, hakuna aliyesema neno. Wiki ya tatu Dokta akaniambia, “CR, nafundisha ukuta.” Wiki hiyo hiyo akatangaza: kuanzia kipindi kijacho, asiyewasha kamera hajahudhuria.

Hapo mambo yakawa mazito. Kwetu mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 75, mtihani wa mwisho huoni. Grupu likawaka moto. Wapo waliotaka twende moja kwa moja kwa mkuu wa idara, wapo waliotaka kugoma. Mimi nilichukua daftari, nikapita kwenye vimbweta na vyumbani, nikauliza watu kwa nini hawawashi kamera.

Majibu yalikuwa mengi. Bando, hilo kila mtu. Wengine wanaishi watu sita chumba kimoja, na mwenzako anabadilisha nguo nyuma yako. Kaka mmoja jioni anakaa kwenye kibanda cha wakala, ndiyo ada yake hiyo. Dada mmoja alikuwa amejifungua, yuko kijijini kwao, anasikiliza akiwa nje chini ya mti kwa sababu ndani mtandao haushiki. Na wapo, tuseme ukweli, wanaoingia kwenye linki, wanazima kila kitu, wanaenda kupika.

Nikaenda ofisini.

“Shikamoo Dokta.”

“Marahaba. Umeniletea malalamiko?”

“Hapana Dokta, nimeleta hesabu.”

Hesabu zenyewe zilikuwa hizi. Kipindi cha video kinaweza kula karibu GB 1 kwa saa. Saa mbili kwa wiki, wiki 15, ni GB 30 kwa kozi moja tu, na semista ina kozi tano au sita. Rekodi ya sauti iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama MB 14 kwa saa. Semista nzima haifiki hata nusu GB. Nikamsomea na majibu ya kwenye daftari bila kutaja majina, pamoja na wale wapishi.

Alikaa kimya, akavua miwani. “Sawa, kamera ziacheni. Sasa mimi nitajuaje kama mmeelewa?”

Naliona hilo ndilo swali la maana zaidi nililowahi kulisikia hapa chuoni. Michael G. Moore, aliyeandika sana kuhusu elimu ya masafa, alisema umbali unaosumbua katika elimu hiyo si wa kilomita, ni pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi. Pengo hilo linapungua watu wakizungumza. Kamera ilikuwa njia ya Dokta ya kulitafuta zungumzo hilo. Tulichotakiwa ni kumpa njia nyingine.

Tulianza na maswali. Kila baada ya dakika 15 Dokta anasimama na kuuliza swali moja lenye majibu manne, sisi tunaandika herufi kwenye chati. Jibu ni A, na nusu ya darasa wameandika C: tayari ameona nyuso zetu. Anarudi kwenye nyanya.

Pili, tukampa msomaji wa chati. Mtu hawezi kueleza fomula, kutazama slaidi na kufukuzana na ujumbe mia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila wiki mwanafunzi mmoja anazikusanya hoja, na akipewa nafasi anazisoma tatu zilizojirudia zaidi.

Tatu ni kusubiri. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi wanafunzi hujibu kwa urefu na wengi zaidi hujitokeza. Hiyo ni ana kwa ana. Mtandaoni kuna sauti kuchelewa, kuna mtu anayetafuta kitufe cha maiki, kuna anayeandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Tulimwomba Dokta ahesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mwanzoni alitusumbua, alikuwa anahesabu kwa sauti!

Mwisho, akaanza kuandika fomula kwenye karatasi zenye namba, picha zake zinatumwa kwenye grupu kabla ya kipindi. Akisema “tazameni ukurasa wa tatu”, hata anayesikiliza rekodi usiku anajua pa kutazama. Na anayeshindwa kuingia akisikiliza rekodi na kujibu maswali ya siku hiyo kabla ya Ijumaa, amehudhuria. Kwa utaratibu huo yule dada wa chini ya mti alivuka asilimia 75, akafanya mtihani pamoja nasi. Wapishi nao walibanwa, maana herufi hazijiandiki.

Sitasema kila kitu kilinyooka. Kuna majibu ya Ijumaa yaliyofanana hadi makosa ya herufi. Kuna jioni umeme ulikatika, kipindi kikafa. Lakini Dokta hakurudi tena kwenye habari ya ukuta.

Ninachotaka kuiambia serikali yetu ya wanafunzi, hasa Wizara ya Elimu, ni hiki. Tumezoea kudai vitu kutoka kwa wahadhiri: notsi, matokeo, test ziahirishwe. Tudai na vitu kwa ajili yao. Chuo kimpe kila mhadhiri wa darasa kubwa la mtandaoni msaidizi wa kusoma chati, hata akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayelipwa posho kidogo. Mafunzo yao yahusu kufundisha, vitufe watajifunza njiani. Na zile fomu za kutathmini kozi, tunazojaza semista ikiwa imekwisha, zinawasaidia wadogo zetu wa mwaka kesho. Sisi tunabaki na sapu zetu. Tuwe na karatasi fupi ya wiki ya tatu yenye maswali matatu: nini kinaeleweka, nini hakieleweki, nini kinakuzuia kuhudhuria.

Ma-CR hatuna haja ya kusubiri azimio la bunge la wanafunzi kwa hilo. Daftari na peni vinatosha. Zungukeni wiki hii, ulizeni, jumlisheni, kisha mpelekeeni mwalimu wenu akiwa peke yake ofisini. Mkifika, msianze na malalamiko. Mwamkieni kwanza, halafu mwonyesheni hesabu.